Ecteinascidia turbinata: Umbile na Utambuzi wa Asidia Mwenye Dawa

Ecteinascidia turbinata, aliyepewa jina la kisayansi na Herdman mwaka 1880, ni asidia aishiye kwa makoloni, hasa juu ya mizizi ya mikoko katika Bahari ya Karibi. Kutoka kwake ilipatikana trabektedini, dawa ya saratani za tishu laini iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007 na Marekani mwaka 2015. Kwa hiyo kumtambua vema si suala la majina tu: anayekusanya spishi nyingine huenda akarejea maabara bila dawa.

Umbile

Koloni hufanana na kichala cha zabibu. Kila mnyama mmoja katika koloni huitwa zuoidi. Ana umbo la rungu na urefu unaoweza kufikia sentimita 2.5. Zuoidi huunganishwa chini kwa vikonyo vitambaavyo. Joho linalomfunika kila mmoja huwa angavu, nalo lina selulosi, kitu adimu kwa wanyama. Mrija mmoja huingiza maji, mwingine huyatoa. Ndani, mfuko mpana wa matamvua wenye safu nyingi za matundu huchuja chakula. Kitanzi cha utumbo kimelala upande wa kushoto wa mfuko huo, na viungo vya uzazi vimo ndani ya kitanzi.

Utambuzi

Maswali matatu husaidia. Je, zuoidi wamezama katika joho moja na kutumia tundu moja la kutolea maji? Huyo huenda ni wa jamii ya Botryllus. Je, utumbo umeshuka chini ya mfuko wa matamvua, mwili ukagawanyika kifua na tumbo? Huyo ni Clavelina. Je, zuoidi ni wa milimita chache, wenye safu 4 au 5 tu za matundu? Huyo ni Perophora. Rangi ya machungwa kwenye mirija husaidia majini, lakini hufifia katika kihifadhi. Hivyo umbile la ndani ndilo liamue.

Mtengenezaji halisi

Gramu moja ya dawa ilihitaji takriban tani moja ya wanyama. Baadaye ilibainika kuwa mtengenezaji ni bakteria aishiye ndani ya asidia. Leo dawa huundwa kutokana na zao la bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, akuzwaye kiwandani. Mgonjwa hupata tiba, na mikoko hubaki na wakazi wake.