Pruni au Tunda Damu? Jina Katika Aiskrimu

Msomaji wa Dar es Salaam akikuta «pruni» katika maelezo ya upishi kutoka Bukavu, atatafuta plamu. Sisi tunamaanisha Solanum betaceum, tunda la milima ya Andes, ndugu wa nyanya. Kifaransa chetu huliita prune du Japon, ijapokuwa si plamu wala asili yake si Japani! Tanzania huliita tunda damu, kwa rangi yake.

Kosa la jina huonekana mdomoni. Ganda la pruni ni chungu, kwa hiyo mimi hulichemsha kidogo, nikalimenya, nikaliponda na sukari. Rojo lipoe kabisa ndipo nitie maziwa, yasije yakakatika. Kisha naligandisha, nikilikoroga kila nusu saa. Katika kamusi ningeweka majina yote mawili, pruni kwanza.