Mikindani: Angalia Mwezi Kabla ya Kupanda Daladala

Kabla ya kwenda kutembea Mikindani, jua kwanza mwezi uko wapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na ghuba hubaki tope na mchanga. Siku za maji mafu bahari husogea kidogo tu. Ukishindwa kuhesabu, muulize mvuvi yeyote.

Kutoka Mtwara mjini ni kilomita kama 10 kwa barabara ya Lindi. Daladala na bajaji zipo. Vaa viatu vya kufunga usivyovionea huruma, maana makombe hukata.

Anzia kwenye mikoko. Mti wenye mizizi iliyojipinda juu ya tope ndio mkoko wenyewe. Ule unaochomoza vijiti kutoka ardhini ni mchu. Ukifika, kaa waliotapakaa watakimbilia mashimoni. Usiondoke. Simama kimya, nao watachungulia mmoja mmoja, kisha madume wataanza kupunga lile gando moja kubwa, kila mmoja akilinda shimo lake. Pembeni utaona samaki wadogo wa macho ya kutokeza wakirukaruka juu ya tope, nje kabisa ya maji. Kukata mikoko bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo hata kijiti cha ukumbusho kiache.

Mikoko ina mkono wake katika historia pia. Mwaka 1866 mpelelezi Livingstone alikusudia kuanza safari yake kwenye mdomo wa Ruvuma, lakini mikoko ya huko ilimnyima pa kushushia ngamia, akaja kushukia Mikindani. Binafsi naona anatajwa kupita kiasi: misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiteremka pwani hii kabla yake, na waliofungwa minyororo hawakuacha majina.

Jua likipungua makali, panda hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1895, uitazame ghuba yote kutoka juu. Nyumba kuukuu za mawe ziangalie kwa nje tu, kuta nyingine zinamomonyoka. Na ukitaka kupiga picha ya mlango wa mtu, piga hodi kwanza.

Mwenye siku ya ziada aende Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huko kuna kiingilio. Lipa na udai risiti.