Silikanti wa Bahari ya Tanga na Jinsi ya Kumtambua

Watu wa mwambao wa Tanga wanajua samaki. Mtoto wa Chumbageni hahitaji kwenda shule ili ajue tofauti ya changu na kolekole. Lakini yuko samaki mmoja wa maji ya kina ambaye hata wavuvi hodari humtazama mara mbili anapotokea katika jarife, na mara nyingine humdhania kuwa chewa. Samaki huyo ni silikanti. Twataka leo kueleza umbo lake, maana walimu wataweza kulichora ubaoni, na wakubwa wa vijiji vya pwani wataweza kumtambua aletwapo ufukoni kabla hajapasuliwa.

Wataalamu walimjua kwanza katika mawe tu. Mifupa yake iliyogeuka jiwe ilionekana katika nchi nyingi, naye Louis Agassiz alimwandika mwaka 1839 na kumpa jina la Kiyunani lenye maana ya mwiba ulio wazi ndani. Wote waliamini kwamba jamaa yake yote ilikwisha kufa yapata miaka milioni 66 iliyopita. Basi tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen iliingia bandari ya East London, Afrika ya Kusini, na Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji ule, akaona katika fungu la samaki pezi la buluu lisilo la kawaida. Alichora picha akampelekea Profesa J.L.B. Smith, naye akamtambua kwa picha ile. Mwaka 1939 akampa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi yule na ya mto Chalumna uliokuwa karibu na mahali alipovuliwa. Lakini kwa joto la siku zile matumbo yalikuwa yamekwisha oza na kutupwa, hata mambo ya ndani hayakujulikana mpaka alipopatikana wa pili, kisiwani Nzwani katika Komoro, mwezi wa Desemba 1952. Wakomoro wenyewe walikuwa wakimjua zamani kwa jina la gombessa.

Katika nchi yetu alipatikana mwaka 2003 upande wa Kilwa, na baada ya hapo makumi yao wamenaswa Tanga, hasa katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye maji ya kina nje ya miamba.

Sasa tutazame mwili wake. Mtu asianze na rangi. Silikanti akiwa hai ni wa buluu iliyoiva, mwenye mabaka meupe, na mabaka hayo hayalingani kwa samaki wawili, kama vile alama za vidole vya watu. Lakini akisha kufa buluu hupotea akawa wa rangi ya kahawia, na chewa naye ana mabaka. Ndipo watu wanapokosea.

Atazame mapezi. Pezi la changu au la chewa limetoka mwilini moja kwa moja, kama upepeo uliochomekwa ubavuni. La silikanti limekaa juu ya kigutu cha nyama chenye mifupa ndani, mfano wa mkono mfupi uliofunikwa magamba. Mapezi ya namna hiyo ni sita: mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, moja la mgongoni upande wa nyuma, na moja chini yake, nyuma ya tundu la haja. Pezi la kwanza la mgongoni tu ndilo lililo kama upepeo. Chewa ana pezi moja refu mgongoni. Silikanti ana mawili yaliyoachana.

Kisha mkia. Huu peke yake watosha kumaliza ubishi. Umegawanyika sehemu tatu: upande wa juu, upande wa chini, na katikati kijimkia kidogo kilichochomoza nyuma. Hakuna samaki wa sokoni Tanga mwenye mkia wa namna hiyo. Magamba yake ni makubwa, magumu, yenye vijino vidogo vinavyokwaruza mkono, na mwili una ute na mafuta mengi.

Ndani yake mna mambo ya ajabu zaidi. Badala ya pingili za uti wa mgongo ana mrija mnene uliojaa maji ya mafuta. Fuvu limegawanyika vipande viwili vyenye kiungo katikati, hata aweza kuinua pua anapopanua kinywa kumeza windo. Mnyama mwingine aliye hai mwenye uti wa mgongo na kiungo hicho hayupo. Ubongo wa mkubwa haujazi hata sehemu mbili katika mia za nafasi yake. Zilizobaki ni mafuta. Puani mna kifuko chenye matundu, ambacho wataalamu wadhani humsaidia kuhisi umeme mdogo utokao katika miili ya samaki wengine gizani. Tena ana pafu lililokufa kazi, likafunikwa na mafuta. Hapo msomaji wa bara atamkumbuka kamongo, ambaye pafu lake lafanya kazi mpaka leo. Hao ni ndugu wa mbali, na uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kamongo ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu.

Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka kwa chombo cha chini ya maji huko Komoro akamwona akiogelea. Wengi walitazamia kuona samaki anayetembea chini kwa mapezi yake. Hatembei. Huelea polepole, pezi la kifuani la kulia likienda pamoja na la tumboni la kushoto, kisha kinyume chake, kama hatua za mjusi. Mchana hujificha mapangoni na usiku hutoka kuwinda.

Silikanti hatagi. Mayai yake, makubwa kama machungwa, huanguliwa tumboni, na jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26. Usidhani wingi huo watosha. Uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka mia, kwamba jike hazai kabla ya kufikia yapata miaka hamsini na kitu, na kwamba mimba huchukua kama miaka mitano. Basi jike mmoja akinaswa, pengo lake halizibwi upesi. Ndiyo sababu Hifadhi ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, na mkataba wa mataifa umekataza biashara yake. Wala mvuvi hapotezi kitoweo: nyama yake ni ya mafuta mabaya, nayo huharisha.

Akinaswa angali hai, jarife likatwe aachwe aende zake, ingawa atokaye kwenye maji baridi ya kina mara nyingi hudhoofika. Akiwa amekufa, asipasuliwe wala asikatwe mkia; apelekewe habari Bwana Samaki au ofisi ya Hifadhi, pamoja na siku, mahali na kina cha maji alimonaswa. Apigwe picha ubavu wa kulia na wa kushoto mapema, kabla mabaka hayajafifia, na urefu upimwe toka ncha ya pua hata mwisho wa kile kijimkia cha katikati.