Somo la Kumi na Mbili: Ghala la Umeme

Mkulima huvuna mahindi mara moja au mara mbili kwa mwaka, lakini watu wa nyumbani mwake hula kila siku. Ili chakula kisiishe kabla ya mavuno mengine, mkulima hujenga ghala. Ghala halioti mahindi. Kazi yake ni kuyahifadhi kutoka wakati wa wingi hadi wakati wa upungufu.

Katika somo hili utajifunza jinsi umeme nao unavyoweza kuwekewa ghala, jinsi ghala hilo lijengwavyo mashambani, na mambo ambayo wanakijiji wanapaswa kuyauliza kabla halijajengwa.

KWA NINI UMEME UWEKEWE GHALA?

Umeme upitao katika nyaya hutumiwa wakati uleule unapofuliwa. Ukiwasha taa, mtambo ulio mbali nawe hufua umeme wa taa hiyo wakati huohuo. Nyaya zenyewe haziweki akiba.

Mtambo uendeshwao na maji unaweza kuwa na ghala lake. Bwawa la Mtera, kwa mfano, huhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu. Maji hayo huendesha mitambo ya Mtera na, yakiisha kuteremka na mto, huendesha mitambo ya Kidatu. Maji yaliyozuiwa leo yanaweza kutumiwa siku nyingine.

Lakini upepo hauzuiliki kwa ukuta, wala mwanga wa jua haujazwi katika bwawa. Upepo ukivuma kwa nguvu usiku wa manane, vinu hufua umeme mwingi wakati watu wengi wamelala. Paneli za sola nazo hufua umeme mwingi adhuhuri. Jua likichwa hazifui tena, na huo ndio wakati ambapo watu huwasha taa zao. Kwa hiyo, nchi itumiayo sana upepo na jua huhitaji njia ya kuhifadhi umeme wa wakati wa wingi. Njia mojawapo ni betri kubwa.

JARIBIO: GHALA LA MAJI

Jaribio hili litakusaidia kufahamu kazi ya ghala la umeme. Fanya pamoja na mwenzako.

Vifaa: kopo kubwa tupu, kopo dogo tupu, msumari mwembamba, nyundo, ndoo ya maji, kikombe, beseni, matofali mawili, na saa.

Fanya hivi:

1. Kwa msumari, toboa tundu dogo ubavuni mwa kila kopo, karibu na kitako. Matundu yawe sawa. Jihadhari na makali ya bati.

2. Weka kopo kubwa juu ya matofali. Weka beseni mahali maji yatakapodondokea.

3. Mwenzako amimine kikombe kimoja cha maji, kisha angoje. Halafu amimine vikombe vitatu kwa mara moja, kisha angoje tena. Wewe tazama maji yanayotoka tunduni.

4. Jaza kopo kubwa mpaka pomoni. Tazama saa. Maji yametoka kwa dakika ngapi? Andika.

5. Fanya vivyo hivyo kwa kopo dogo. Andika dakika zake.

6. Sasa panua tundu la kopo kubwa, ulijaze tena, na upime muda. Je, muda umeongezeka au umepungua?

Umeona nini? Mwenzako alimimina maji mara kwa mara tu, lakini maji yaliendelea kutoka hata alipokuwa anangoja. Bila shaka umeona pia kwamba maji hutoka kwa nguvu zaidi kopo linapokuwa limejaa.

Umejifunza jambo jingine muhimu. Ili kulijua ghala lolote, ni lazima ujue mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa tumbo lake, yaani kiasi linachoweza kuweka. La pili ni ukubwa wa mdomo wake, yaani jinsi linavyoweza kutoa kwa wingi kwa mara moja. Kopo lenye tumbo kubwa na tundu dogo hutoa maji kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ukipanua tundu, maji hutoka mengi, lakini huisha upesi.

Ghala la umeme hupimwa hivyo hivyo. Mdomo wake hupimwa kwa megawati. Tumbo lake hupimwa kwa megawati-saa. Megawati-saa moja ni nishati itolewayo na mtambo wa megawati moja ukifanya kazi kwa saa moja. Mtu akikuambia ukubwa wa mdomo tu, hajakuambia ghala litadumu kwa muda gani.

BETRI HUHIFADHIJE NISHATI?

Umeme hauwekwi ndani ya betri kama maji yawekwavyo ndani ya kopo. Betri huibadili nishati ya umeme kuwa nishati ya kemikali, kisha huigeuza tena kuwa umeme.

Kila seli ya betri ina ncha mbili, ncha chanya na ncha hasi. Kati yake kuna kemikali. Unapowasha tochi, badiliko la kemikali hutokea ndani ya seli, na mkondo wa umeme hupita katika glopu. Betri za kawaida za tochi, ambazo watu wengi huziita mawe, zikiisha hazirudishiki. Betri ya gari au ya simu huweza kurudishwa katika hali yake ya kwanza kwa kupitishiwa umeme. Kufanya hivyo ni kuchaji.

Betri nyingi kubwa za siku hizi hutumia madini ya lithiamu. Seli inapochajiwa, chembe ndogo sana za lithiamu husafiri kutoka ncha moja hadi nyingine. Seli inapotoa umeme, chembe hizo hurudi zilikotoka. Safari hiyo yaweza kurudiwa mara maelfu, lakini kwa kadiri miaka inavyopita seli huchoka, na tumbo lake hupungua.

Tena, nishati yote iingiayo haitoki yote ikiwa umeme. Katika kila vipimo 100 viingiavyo, vipimo 80 hadi 90 hivi hutoka. Vilivyobaki hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo betri haizalishi umeme hata kidogo. Hupokea, huhifadhi, na hurudisha pungufu kidogo ya ilichopokea.

GHALA LA UMEME LA HORNSDALE

Katika nchi ya Australia kuna jimbo liitwalo Australia ya Kusini. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba kali iliangusha minara mikubwa ya umeme katika jimbo hilo. Jimbo zima likakosa umeme. Takriban wateja 850,000 walikaa gizani. Baada ya tukio hilo serikali ya jimbo iliamua kuimarisha umeme wake, na njia mojawapo iliyochaguliwa ilikuwa kujenga betri kubwa.

Betri hiyo ilijengwa Hornsdale, mahali palipo mashambani, kaskazini ya mji mdogo wa Jamestown, kiasi cha kilometa 200 kutoka jiji la Adelaide. Katika nchi hiyo watu hulima ngano na kufuga kondoo. Kwa nini ijengwe huko, wala si mjini? Kwa sababu huko kuna vinu vya upepo 99, vyenye uwezo wa megawati 315, na tayari palikuwa na nyaya kubwa za kusafirisha umeme wake. Ghala hujengwa karibu na shamba.

Betri ya Hornsdale ilifunguliwa tarehe 1 Desemba 2017. Wakati huo ilikuwa kubwa kuliko betri zote za lithiamu duniani. Mdomo wake ulikuwa megawati 100, na tumbo lake megawati-saa 129. Je, ingeweza kutoa umeme wake wote kwa muda gani? Gawanya:

129 ÷ 100 = 1.29

Jibu ni saa 1 na dakika 17 hivi. Unaona kwamba betri hiyo haikujengwa ili iangaze jimbo zima usiku kucha. Kazi yake kubwa ni kusaidia upesi umeme unapopungua ghafla.

Kazi hiyo ilionekana mapema. Tarehe 14 Desemba 2017 mtambo mmoja wa makaa ya mawe katika kituo cha Loy Yang, kiasi cha kilometa 1,000 kutoka Hornsdale, ulizimika ghafla. Umeme ukapungua katika majimbo yote yaliyounganishwa kwa nyaya. Muda wa sekunde chache tu, betri ilikuwa imekwisha kutoa megawati 7. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kilifika upesi, wakati vituo vingine vilipokuwa vikiongeza umeme wao. Mwaka 2020 betri hiyo iliongezwa, ikafikia megawati 150 na megawati-saa 193.5.

Hata hivyo, kumbuka kwamba betri haisimamishi mnara ulioanguka. Nyaya zikikatika, umeme wa ghalani hauwezi kumfikia mtu aliye upande wa pili.

Barani Afrika pia maghala haya yapo. Katika nchi jirani ya Malawi, mwaka 2022, kituo cha sola cha Golomoti kilianza kufanya kazi katika wilaya ya Dedza. Paneli zake hutoa megawati 20, na pembeni yake ipo betri ya megawati 5 na megawati-saa 10.

JINSI GHALA LIJENGWAVYO

Kwanza, mahali huchaguliwa. Pawe tambarare, pasipofurika maji wakati wa masika, mbali na nyumba za watu, na karibu na nyaya kubwa au kituo cha kupozea umeme. Pawe na barabara iwezayo kupitisha malori mazito. Wenye ardhi huulizwa na kulipwa haki yao.

Pili, sakafu ya zege humwagwa. Juu yake hupangwa makabati ya chuma yenye maelfu ya seli. Kati ya kabati na kabati huachwa nafasi. Mitambo ya kupoza huondoa joto katika seli.

Tatu, huwekwa mashine ziitwazo inveta. Betri hutoa mkondo mnyoofu, yaani mkondo uendao upande mmoja tu. Nyaya za gridi huchukua mkondo geu, yaani mkondo uendao mbele na kurudi nyuma. Inveta hugeuza mkondo mmoja kuwa mwingine. Kisha transfoma huongeza volti, na umeme huingia katika gridi.

Mwisho, uzio hujengwa, na kila kabati hujaribiwa kabla ya kazi kuanza.

HATARI NA KINGA

Tarehe 30 Julai 2021 betri kubwa iliyokuwa ikijaribiwa huko Moorabool, karibu na mji wa Geelong nchini Australia, ilishika moto. Maji ya kupozea yalikuwa yamevuja ndani ya kabati moja, ikatokea shoti. Moto ukaruka hadi kabati la jirani. Wazima moto walilinda makabati mengine, na moto ukadhibitiwa baada ya siku nne hivi. Watu waliokaa karibu waliambiwa wafunge milango na madirisha kwa ajili ya moshi wenye sumu. Hakuna aliyeumia.

Tunajifunza nini? Nafasi kati ya makabati si upotevu wa ardhi. Vilevile, kuweka betri mbali na nyumba si woga, bali ni busara. Basi, wajenzi wajapo kijijini, ni haki ya wanakijiji kuuliza maswali haya: Moto ukitokea, ni nani atakayeuzima, na maji yatatoka wapi? Moshi utaelekea wapi kwa pepo za huku kwetu? Seli zikichoka baada ya miaka mingi, zitapelekwa wapi? Je, nasi tutapata umeme huo, au utapita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini? Mwanafunzi aliyesoma sayansi aweza kuwasaidia wazazi wake kuuliza maswali hayo, na kuyapima majibu.

Nawe nyumbani ujihadhari. Usipasue betri. Usiitupe motoni. Usiguse kabisa betri ya simu iliyovimba, bali mwambie mtu mzima.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Betri haizalishi umeme, bali huuhifadhi.

2. Megawati hupima mdomo wa ghala. Megawati-saa hupima tumbo lake.

3. Nishati kidogo hupotea kila mara tunapoihifadhi.

4. Ghala la umeme lahitaji mahali pafaapo, mitambo ya kupoza, na nafasi kati ya makabati.

MASWALI

1. Kwa nini umeme wa upepo na wa jua huhitaji ghala kuliko umeme wa bwawa?

2. Betri ya Golomoti ikiwa imejaa, yaweza kutoa umeme kwa saa ngapi kwa uwezo wake wote?

3. Gawanya 193.5 kwa 150. Linganisha jibu lako na muda wa betri ya Hornsdale ya mwaka 2017. Je, kuongezwa kwake kulirefusha muda? Eleza.

4. Kijiji kinahitaji megawati 2 kwa saa 6 kila usiku. Kitahitaji ghala lenye tumbo la megawati-saa ngapi? Je, umeme utakaoingizwa mchana uwe sawa na huo, uwe zaidi, au uwe pungufu? Toa sababu.

5. Chora ramani ya kijiji chako. Onyesha nyumba, shule, mto, barabara na nyaya za umeme, kama zipo. Chagua mahali ambapo ungejenga ghala la umeme, kisha mweleze mwenzako sababu zako. Mwenzako naye akuulize maswali kama mwanakijiji.