Je, Una Tiketi ya Kutoka? Somo kwa Msafiri Asiyehitaji Viza

Wakaazi wengi wa Migori na Homa Bay wanajua kwamba zipo nchi ambazo Mkenya huingia bila viza. Lakini kutohitaji viza si sawa na kutoulizwa maswali. Swali linalowakwamisha wengi huulizwa Nairobi, mzigo ukiwa tayari kwenye mizani: utaondoka huko uendako lini, na kwa njia gani?

Jibu linalotakiwa ni tiketi ya kurudi nyumbani, au ya kwenda nchi nyingine, yenye tarehe iliyo ndani ya siku unazoruhusiwa kukaa. Ufilipino humruhusu Mkenya kukaa siku 30 bila viza, lakini hutaka tiketi hiyo pamoja na pasipoti yenye angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda. Singapore nayo huitaka. Afrika Kusini iliwafungulia Wakenya mlango Januari 1, 2023, kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na huko pia beba tiketi ya kurudi.

Wengi humlaumu karani wa shirika la ndege, lakini karani ana sababu. Kulingana na Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, abiria akikataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo humwondoa. Ndiyo maana hukaguliwa kabla hujapanda ndege, na ukikosa tiketi ya kutoka unaweza kuachwa, hata kama nauli ya kwenda umelipa yote.

Kuna wanaouza karatasi inayofanana na tiketi. Usinunue. Tiketi halali ina nambari ya uthibitisho, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 6, na karani huiingiza kwenye kompyuta akaona kama nafasi ipo. Kama hujui tarehe ya kurudi, uliza tiketi inayobadilishwa tarehe au inayorudishiwa pesa. Bei yake ni ya juu kidogo, ila ni nafuu kuliko kupoteza safari nzima.

Mambo hubadilika mpakani kwetu Isebania. Mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kukaa nchi mwanachama hadi miezi 6, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Anayevuka kwenda Sirari kuona shemeji au kununua mchele hahitaji tiketi ya ndege. Anahitaji pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kitambulisho pekee hutosha kuingia Uganda na Rwanda, si Tanzania.

Wageni wanaokuja kwetu nao wana lao. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza ikaleta idhini ya kielektroniki ya kusafiri, na anayeiomba huulizwa mpango wa kuwasili na wa kuondoka. Mgeni anayetaka kuona Thimlich Ohinga au Ruma, kisha avuke Isebania kuelekea Serengeti, hana ndege ya kutoka Kenya. Wenyeji wake na wenye hoteli wamshauri awe na tiketi ya ndege ya kutoka Tanzania, pamoja na nafasi ya basi au gari la kuvuka mpaka, na aliulize shirika lake la ndege mapema.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni ajira. Kijana aliyeweka akiba kutoka mashimo ya dhahabu ya Osiri anaambiwa na wakala: ingia kama mtalii, kazi iko tayari, tiketi ya kurudi ni ya kuwapumbaza maofisa tu. Anayeingia kama mtalii haruhusiwi kufanya kazi. Akinyang'anywa pasipoti huko, hana mkataba wala kibali cha kumtetea. Wakala akikuambia udanganye uhamiaji, usimpe hata shilingi. Hakikisha kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Uhamiaji ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, hivyo ofisi za kaunti hazitoi vibali hivi. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na idhini ya mgeni kupitia etakenya.go.ke, angalau siku 3 kabla ya safari.