Kipepeo ya usiku, mama wa viwavi vya muhindi



Katika mikutano ya koperative tunasikia mara nyingi: «Muhindi ilikuwa nzuri, kisha kwa usiku moja viwavi vimejaa.» Wengine wanasema viwavi vilitoka ndani ya mbegu. Hapana. Viko na mama yao, na anapita wakati sisi tunalala.

Ni kipepeo ndogo. Akifungua mabawa, anafika santimeta 3 mpaka 4. Mabawa ya mbele ni ya kijivu-kahawia. Dume ana alama nyeupe karibu na ncha, jike hana. Ya nyuma ni meupe. Mchana anajificha. Usiku anaweza kukuya kwenye taa ya nyumba, lakini si kila kipepeo ya kwenye taa ni yeye, basi musipoteze usingizi juu ya kuzipiga. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016, na usiku moja anaweza kuruka kilometa 100.

Yeye mwenyewe hakuli muhindi. Anataga mayai, mara nyingi chini ya jani, 100 mpaka 200 pamoja, na kuyafunika na manyoya yake. Ukiona haraka utasema ni ukungu. Kukiwa joto, nyuma ya siku 2 ao 3 yanapasuka. Watoto wanakwangua jani, linabaki na madirisha madogo meupe. Kisha wanaingia ndani ya moyo wa muhindi, na mavi yao yanaonekana kama unga wa mbao. Kiwavi mkubwa ana alama ya Y iliyopinduliwa kwenye kichwa, na karibu na mkia madoa 4 kama pembe za mraba.

Hapo ndipo pesa inapotea. Mtu anakopa, ananunua dawa, anapuliza, na kiwavi iko chini, amefunikwa na mavi yake.

Afadhali kupita shambani mara 2 kwa juma, asubuhi, tangu muhindi inaota. Geuza majani, ponda mayai na vidole. (Watoto wanayaona haraka kuliko sisi wenye macho ya zamani.) Kama kiwavi amekwisha kuingia, tia udongo mukavu kidogo ndani ya moyo wa muhindi.

Tena, tupande pamoja. Kiwavi akishiba anashuka ndani ya udongo, na nyuma ya siku 8 ao 9, kukiwa joto, anatoka kipepeo mupya, anatafuta muhindi changa. Ataikuta kwa jirani aliyechelewa. Mbele ya mvua ya Septemba, kila kikundi kichague juma moja la kupanda.