PRINTA IMEKATAA? ANZA KARIBU, ISHIA MBALI



Siku hizi kompyuta na printa zimeingia hata majumbani mwetu. Siku ya kwanza printa inachapa vizuri. Halafu siku moja unaandika muhtasari wa mkutano wa kikundi, unabonyeza ili uchapwe, na karatasi haitoki. Wajumbe wanangoja. Wengi wetu hapo husema, "Mashine imekufa," kisha huifunga kwenye boksi na kuipeleka mjini. Nauli inakwenda, fedha ya fundi inakwenda, kazi imelala. Kumbe mara nyingi printa ni nzima, ila imepotezana na kompyuta.

Leo tutajifunza namna ya kutafuta kosa hilo kwenye kompyuta inayotumia Linux.

LINUX NI NINI?

Kila kompyuta ina programu kuu inayoongoza kazi zote. Linux ni mojawapo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Linux nyingi hutolewa bure.

Ndani ya Linux, kazi ya kuchapa husimamiwa na programu iitwayo CUPS. Ifikirie kama karani wa posta. Inapokea barua yako, inaiweka kwenye foleni, inasoma anwani, kisha inaipeleka kwa printa. Njiani barua hupita kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachounganisha mashine za nyumbani kwa waya au kwa waifai. Ruta huipa kila mashine anwani ya tarakimu, kwa mfano 192.168.1.20.

Basi kosa laweza kuwa mahali pane: kwenye printa, njiani, kwenye anwani, au kwenye foleni. Tupapitie pote kwa zamu. Usiruke hatua.

HATUA YA KWANZA: PRINTA

Je, imewaka? Ina karatasi? Ina wino? Printa nyingi zaweza kuchapa karatasi ya majaribio kwa vitufe vyake, bila kompyuta. Karatasi ikitoka safi, printa ni nzima. Isipotoka, basi kosa ni la printa yenyewe. Hapo ndipo fundi anahitajika.

HATUA YA PILI: NJIA

Angalia kama printa na kompyuta zimeunganishwa kwenye ruta moja. Ruta nyingine hutangaza majina mawili ya waifai, moja la wenyeji na moja la wageni. Printa ikiwa kwa wenyeji na kompyuta kwa wageni, kwa kawaida hazionani.

Sasa chapa kwenye printa ile karatasi ya habari za mtandao. Utaiona anwani yake. Kwenye kompyuta fungua dirisha la kuandikia amri, uandike:

ping 192.168.1.20

Weka tarakimu za printa yako. Amri hii ni sawa na kubisha hodi mlangoni. Ikijibiwa, utaona mistari ikitokea mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa na neno time. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Usipojibiwa, kosa liko njiani: rudi kwenye waya, waifai na ruta.

HATUA YA TATU: ANWANI

Hodi imejibiwa, lakini karatasi haitoki. Sasa uulize kompyuta inapeleka barua wapi. Andika:

lpstat -v

Itakuonyesha jina la printa na anwani inayoitumia. Linganisha na ile karatasi ya printa. Je, zinafanana?

Hapa ndipo watu wengi hunaswa. Ruta hugawa anwani kwa muda tu. Umeme ukikatika na kurudi, printa yaweza kupewa anwani nyingine. Jana ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.23. Kompyuta bado inapeleka barua kwenye nyumba ya zamani, na mwenyewe amekwisha hama!

Dawa ni hii. Fungua kivinjari cha intaneti kwenye kompyuta yako, uandike localhost:631. Huo ni ukurasa wa CUPS, uko ndani ya kompyuta yenyewe. Ingiza printa upya kwa anwani mpya. Kwa printa nyingi za siku hizi huandikwa hivi:

ipp://192.168.1.23/ipp/print

Kisha uzuie kosa lisirudi: kwenye ukurasa wa ruta, itengee printa anwani moja ya kudumu.

HATUA YA NNE: FOLENI

Andika:

lpstat -p

Ukiona neno disabled, foleni imesimamishwa. Ifungue kwa amri hii, ukiweka jina la printa yako mwishoni:

sudo cupsenable jina

Kompyuta itakuuliza neno la siri. Ukiliandika halitaonekana, usishtuke.

Zingatia: printa ikikataa, usibonyeze mara kumi. Kila unapobonyeza, nakala nyingine inaingia kwenye foleni. Ikifunguliwa zote zitatoka, na wino wako utakwisha. Kuzifuta zote, andika: cancel -a

UKITAKA KUNUNUA PRINTA

Muulize muuzaji kama printa ina AirPrint au IPP Everywhere. Printa za namna hiyo kwa kawaida hazihitaji programu ya pekee; Linux za siku hizi huzitambua. Zile zisizo nazo huenda zikakusumbua kutafuta programu yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Karatasi ya majaribio imetoka vizuri. Je, kosa laweza kuwa wapi?
2. Kwa nini printa yaweza kukataa baada ya umeme kukatika?
3. Amri gani ni sawa na kubisha hodi?
4. Kuna hasara gani kubonyeza mara nyingi?

ZOEZI

Leo, wakati printa yako inafanya kazi, andika anwani yake kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ubavuni mwake. Siku itakapokataa utakuwa na pa kuanzia. Na jirani akija na printa yake ndani ya boksi tayari kwa safari, mwambie aifungue kwanza, mzipitie pamoja hatua hizi nne.